Kuuvusha Mwasumini Wakati wa Kiangazi

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kusema nanyi habari ya mti mdogo upendwao sana katika nyua zetu za Gerezani, nao ni mwasumini. Labda mtu atauliza, Je, Mwalimu ameishiwa na mambo ya maana hata aje kutueleza maua? Lakini mtu aliyelala karibu na dirisha usiku, asumini zikifunuka uani, au aliyemwona mama yake akitunga kikuba siku ya arusi, hatauliza hivyo.

Miezi ya taabu kwa mti huu ni Januari na Februari. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajafika, na joto la mchana hupita digrii 30. Tena mjini kuna taabu ya pili. Nyua nyingi zimesakafiwa kwa saruji, na mahali pa nyumba za zamani pamejengwa maghorofa. Basi mwasumini umekosa ardhi, hukaa ndani ya debe. Debe likikaa juani juu ya saruji mchana kutwa huwa kama chungu mekoni, na mizizi iliyomo hupikwa.

Mimi mwenyewe nina kosa la kuungama. Marehemu mama yangu aliniachia mwasumini mmoja katika debe. Kiangazi kimoja ulipukutisha majani yote, vikabaki vijiti vitupu. Nikadhani umekufa, nikaung'oa ili nipate debe la kutilia makaa. Nilipokata shina karibu na mizizi, nikaona ndani ni kibichi. Kumbe haukufa, ulikuwa umelala! Nikaurudisha upesi, lakini vijizizi vyembamba vinyonyavyo maji vilikuwa vimekwisha katika, wala haukuchipuka tena.

Tangu siku ile nikapenda kujua jinsi watu wa nchi nyingine wanavyoyavusha maua yao katika majira mabaya. Uingereza hupandwa ua liitwalo fuksia, lining'inialo kama kipuli cha sikioni. Plumier, mtawa Mfaransa, alitangaza habari zake katika kitabu mwaka 1703, akaliita kwa jina la Fuchs, tabibu wa Kijerumani. Adui ya ua hili si jua, bali ni baridi igandishayo maji. Basi wakulima wa huko hupanda shina lake chini kidogo kuliko desturi, na baridi ikikaribia huufunika udongo kwa majani makavu. Matawi yakinyauka hawang'oi kitu; hungoja mpaka baridi ipite, na mara nyingi machipukizi mapya hutoka chini ya udongo.

Adui zetu ni mbalimbali, lakini hekima ni moja: linda mzizi, na majani yatarudi. Fanyeni hivi.

Kwanza, toboeni matundu chini ya debe, mliinue juu ya matofali mawili, na kulizungushia gunia kuukuu. Liwekeni mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

Pili, funikeni udongo kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina. Mara nyingi makumbi hutupwa, nasi twaweza kuyaokota.

Tatu, mwagieni maji kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuchwa, mpaka yachuruzike matunduni. Kisha msimwagie tena mpaka udongo ukauke kina cha kidole. Kunyunyiza kidogo kidogo kila saa huivuta mizizi juu, karibu na joto. Maji yaliyooshea mchele yafaa. Yenye sabuni msiyatie.

Nne, wakati huo msikate matawi wala msitie samadi mbichi. Mvua za Machi zikianza, ndipo mkate vijiti vikavu na kutia samadi iliyooza. Maua ya asumini hutoka katika machipukizi mapya.

Na mti ukionekana umekufa, msifanye haraka kama nilivyofanya mimi. Kwangueni ganda la shina kwa ukucha, chini kabisa. Mkiona rangi ya kijani, una uhai, ungojeni masika.

Mwenye mti mzima na akate vipandikizi vya shibiri moja masika yakianza, ampe na jirani. Mti ulio katika nyua mbili haupotei kwa kosa la mtu mmoja. Laiti ningalijua hayo mapema!