Baba Aliyetupa Jina

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wanajumuiya wa Karagwe na Kyerwa



Ndugu wapendwa, sisi tunaosimama mbele yenu ni dada wawili wa tumbo moja. Tumeombwa tuseme juu ya malezi ya watoto waliofiwa na wazazi. Hatukulisomea jambo hili chuoni. Tumelijua kwa kulelewa na mtu ambaye hakutuzaa, na ambaye sasa ni marehemu.

Wazee mliomo humu mnakumbuka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa hapa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule "Juliana", kwa jina la nguo zilizovuma siku zile. Zikafuata nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, na nyingine zilizobaki na watoto peke yao. Wazazi wetu walifariki mwaka 1993, wakifuatana kwa miezi michache. Mkubwa kati yetu alikuwa na miaka 5, mdogo miaka 3.

Jamaa zetu walikuwa wachache, na kila mmoja alikwisha kulemewa na yatima wengine. Ndipo alipokuja jirani yetu, mgane asiye na mtoto, akatushika mikono na kutupeleka kwake. Hakutoa hotuba. Alipika ndizi, akatupa tukala, akatandika mkeka, naye akalala karibu na mlango ili tusiogope.

Mwanamume kufua nguo za watoto wa kike lilikuwa jambo la kuchekwa kijijini. Alichekwa, naye akaendelea kufua. Kahawa yake ilipokauka aliipakia juu ya baiskeli, na mdogo wetu akaketi juu ya gunia. Fedha iliyopatikana ilitangulia kununua sare na madaftari. Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu aliuliza jina la baba. Yeye alitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. Tangu siku ile tulimwita Tata, wala hatukuona haya.

Jambo moja la hekima yake tunataka mlishike. Hakutuficha asili yetu. Kila mwaka alitupeleka kwenye makaburi ya wazazi wetu, tukapalilia pamoja naye, akatusimulia jinsi mama yetu alivyokuwa mcheshi. Alitufanya wanawe bila kutunyang'anya wafu wetu. Kwa sababu hiyo tulimpenda zaidi.

Sasa yatupasa kusema lililo chungu. Tata alikuwa amewaambia wazee wawili wa ukoo kwamba kibanja chake kitakuwa chetu. Alisema kwa mdomo tu. Alipofariki, mzee mmoja alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mwingine alisema hakumbuki vizuri. Mazishini, watoto wa marehemu walipoitwa kutia udongo kaburini, watu walitazamana. Shangazi mmoja mzee, dada yake Tata, ndiye aliyetushika mikono akatusogeza mbele. Lakini kikao cha ukoo kilipokaa, tuliambiwa kuwa sisi ni wageni. Kibanja kilikwenda kwa mwingine.

Hatukuja kumshitaki mtu. Mashamba hupatikana na hupotea. Lakini Tata amezikwa katika kibanja kile, kama ilivyo desturi yetu, na leo twabisha hodi na kuomba ruhusa ili tupalilie kaburi la baba yetu.

Ndugu wapendwa, kosa lilikuwa wapi? Upendo wa Tata haukupungua hata chembe. Kilichokosekana ni maandishi. Sheria ya kuasili watoto imekuwapo nchini tangu zamani, ila kijijini kwetu hakuna aliyetueleza. Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, Tata alipata habari, lakini sisi tulikwisha kupita miaka 18, na mlango ule ulikuwa umefungwa. Alikuwa bado na njia ya wasia. Akasema, "Nitaandika baada ya mavuno." Mavuno yalikuja mara nyingi.

Kuasili ni kumfanya mtoto kuwa wako kwa amri ya mahakama. Afisa Ustawi wa Jamii huchunguza nyumba na mwenendo wa mwombaji. Ridhaa ya mzazi au mlezi hutafutwa, maoni ya mtoto husikilizwa kadiri ya umri na ufahamu wake, na ni mwiko kuuza au kununua ridhaa hiyo kwa fedha. Amri ikisha kutolewa, mtoto huyo ni sawa na aliyezaliwa katika ndoa yenu. Hata mkifa bila wasia, hurithi kama mtoto. Ipo pia njia ya malezi ya kambo, ambayo humpa mtoto makao bila kuondoa uhusiano wake wa kisheria na wazazi. Zote mbili ni njema, mradi mlezi ajue ni ipi aliyoishika.

Wengine husema mila haiwezi kubadilika. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka mkoa huu wetu. Mwanamke aliachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wasia, akaiuza, ukoo ukapinga. Mahakama ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Baba yule aliacha wasia uliotambuliwa. Baba yetu alisema tu.

Imani yetu nayo yatufundisha. Esta alifiwa na wazazi, Mordekai akamtwaa kuwa binti yake. Mtakatifu Yosefu ndiye aliyempa Mtoto jina la Yesu, na kwa jina hilo akasimama kama baba mbele ya watu na mbele ya sheria. Kumpa mtoto jina ni kumpa mahali pa kusimama hata siku ambayo wewe hupo.

Kwa hiyo twawasihi. Ninyi mliojaliwa nafasi nyumbani, msiogope kumpokea mtoto asiye wa damu yenu. Ninyi ambao tayari mnalea, nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya kabla mtoto hajafikisha miaka 18, na andikeni wasia mbele ya mashahidi. Nanyi viongozi wa jumuiya, kikao cha ukoo kikiketi, msimwache yatima asimame peke yake.

Tata, pumzika kwa amani. Jina ulilotupa tunalo bado, na tumewapa wanetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni watoto wangapi wanalelewa na wasiowazaa? Tunawajua kwa majina?

2. Ni walezi wangapi kati yetu wamekwisha kuandika wasia?

3. Tutamsaidia nani, mwezi huu, kufika ofisi ya Ustawi wa Jamii?