Mkuyu na Mdudu Wake

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima)



Nataka kuzungumza nanyi habari za mti ambao kila mmoja wetu anaujua, nao ni mkuyu. Tulicheza chini ya kivuli chake tulipokuwa watoto, tukala matunda yake, na mifugo yetu ikapumzika hapo wakati wa jua kali. Hata hivyo wengi wetu hatujapata kuuliza neno moja: Je, maua ya mkuyu yako wapi? Mwembe twauona ukichanua, na mkahawa vile vile. Lakini mkuyu huzaa pasipo mtu kuona ua hata moja.

Jibu limo ndani ya tunda lenyewe. Ukilipasua tunda changa la mkuyu utaona maua madogo mno, mengi sana, yamejipanga pande zote za ukuta wake wa ndani. Mlango wa kuingilia ni tundu moja jembamba kwenye ncha ya tunda. Upepo haupiti humo, wala nyuki hawezi kuingia. Anayeifanya kazi ya kupeleka unga wa maua humo ndani ni nyigu mmoja, aliye mdogo kuliko punje ya mchele.

Mwaka 1968 wataalamu wawili, J. Galil na D. Eisikowitch, walichapisha uchunguzi wao juu ya uzazi wa mkuyu katika Afrika ya Mashariki. Kazi ya mdudu huyu ni ya ajabu. Nyigu jike hujipenyeza katika lile tundu hata mabawa yake yakakatika. Akiisha kuingia, hutoa unga wa maua aliouchukua katika vifuko vilivyo kifuani pake, akautia juu ya maua. Kisha hutaga mayai katika baadhi ya maua hayo, na kufa humo humo. Watoto wake madume huzaliwa bila mabawa. Kazi yao ni kuwapanda majike na kutoboa ukuta wa tunda, ili majike wapate njia ya kutokea. Nao majike hujaza unga katika vifuko vyao, wakaruka kutafuta mti mwingine. Hivyo mti wapata mbegu, na nyigu apata malezi ya wanawe. Hakuna mdai wala mdaiwa.

Huenda mtu akauliza: itakuwaje mdudu huyo akikosekana? Jambo hilo lilionekana huko California, katika Marekani. Katika karne ya 19 wakulima walipanda mitini ya Smyrna, ambayo ni ya jamii moja na mkuyu. Miti ikakua vizuri, lakini matunda yakapukutika kabla ya kuiva, mwaka baada ya mwaka. Hasara haikukoma mpaka nyigu wa mitini walipoletwa na kustawi huko mwaka 1899.

Sasa tuutazame mkuyu wetu. Nyigu wake, akiisha kutoka katika tunda, huishi siku moja au mbili tu. Katika muda huo mfupi hana budi kuona mkuyu mwingine wenye matunda machanga yaliyo tayari kumpokea. Uchunguzi uliofanywa Namibia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyigu hao, wakichukuliwa na upepo, waweza kupeleka unga wa mikuyu mbali zaidi ya kilomita 160. Lakini safari hiyo yote ni bure ikiwa mwisho wake hakuna mti. Mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja. Huu ukimaliza, ule waanza. Ndiyo sababu ndege, popo na nyani hupata chakula hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Basi akataye mkuyu mmoja hakati kivuli chake peke yake. Apunguza kituo ambacho mikuyu mingine yakitegemea.

Tena kuna habari ya maji. Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya mugumo, ndugu yake mkuyu, uliokuwa karibu na kwao Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu yake palikuwa na kijito. Miaka ilipopita alirudi, akaona mti umekatwa na kijito kimekauka. Ndipo alipotambua kwamba katazo la wazee lilikuwa likilinda udongo na maji pia.

Najua kwamba shamba ni dogo na mkuyu ni mpana. Sisemi mtu aupande katikati ya mahindi yake, wala karibu na nyumba, maana mizizi yake ina nguvu. Lakini ukingoni mwa mto, ambako jembe halifai kufika, ndipo mahali pake. Tusiikate iliyopo huko. Palipo wazi, tukate tawi nene la mkuyu, tulichimbie ardhini mvua zinapoanza, na kulilinda na mbuzi mpaka litoe mizizi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkuyu mmoja hauzai mbegu peke yake.