Tusifunge Mandazi kwa Gazeti: Hotuba kwa Wauza Chakula wa Nakuru

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wengi wetu tumezoea kufunga mandazi na chipsi kwa magazeti na karatasi za mitihani. Wino wa gazeti una rangi na, mara nyingi, mafuta yatokanayo na petroli. Chakula cha moto chenye mafuta huvuta wino huo, hata kupitia upande mweupe wa karatasi. Anayekula hivyo kila siku, hasa mtoto, huyalimbikiza mafuta hayo mwilini. India ilitoa onyo kama hili mwaka 2016. Chujeni mandazi kwenye wavu, mfungeni kwa karatasi safi isiyochapishwa, na mteja akija na bakuli lake, mpakulieni.