Msiwajazie lumbesa wanaojitolea



Ukishuka kwenye basi pale Uyole, njia panda ambako barabara kuu iendayo Zambia inaachana na ile ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpakani mwa Malawi, macho yako yatakutana kwanza na magunia ya viazi. Gunia limejazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake likafumiwa kilemba cha kamba ili liendelee kujazwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima anayetaka kuuza haraka hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Anajaza, anafumia, anajaza tena, na bei ni ile ile ya gunia moja.

Leo sikukusudia kuzungumzia viazi. Nimeitaja lumbesa kwa sababu sijapata neno jingine linaloeleza vizuri namna tunavyowatendea watu wanaojitolea katika mitaa yetu.

Yupo mama mmoja wa Uyole ambaye nimezungumza naye mara nyingi. Ameomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita Mama tu. Ana umri wa miaka 61, na anauza viazi na karoti sokoni. Mwaka 1996 mdogo wake wa kike alirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, amekonda, anakohoa, na majirani wakaanza kupita mbali na mlango. Mama alimwuguza kwa miezi saba. Hakuwa na glovu. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa mpira. Wiki chache baada ya mazishi, jirani wa nyumba ya tatu alikuja usiku kumwuliza, kwa sauti ya chini, mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwaje ili asipate vidonda vya mgongoni. Mama akajitanda kanga akaenda kumwonyesha. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi hii. Hakuna aliyemwandikisha, wala hakuna fomu aliyojaza.

Wasikilizaji vijana pengine hawaujui wakati ule. Vitanda vya hospitali vilijaa, dawa hazikuwepo, na mgonjwa wa UKIMWI aliambiwa arudi nyumbani, kana kwamba nyumbani kulikuwa na daktari. Hapo ndipo wananchi wenyewe walipoanza kwenda kwa wagonjwa. Hapa Mbeya kikundi cha KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, kilianza mwaka 1991 kwa kazi hiyo hiyo ya kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao. Na ukubwa wa janga haukuwa wa kudhani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004 ulionyesha kwamba katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, watu wapatao 13 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, wakati kwa Tanzania Bara nzima walikuwa 7. Mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini ilibebwa kwa mikono ya akina mama wenye beseni na sabuni ya mche.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure, kuanzia mwaka 2004, kazi ya Mama iligeuka. Zamani aliwaosha waliokuwa wanakata roho. Sasa anawafuata walio hai. Ana daftari lenye orodha ya watu ambao siku yao ya kuchukua dawa imepita na hawakuonekana. Mmoja amehamia Itezi, mwingine yuko Nsalaga, wa tatu ameacha kwa sababu mume mpya hajui habari zake na yeye anaogopa kumeza vidonge mbele yake. Watu hao hawataki gari lenye nembo lisimame mlangoni. Wanamtaka Mama, ambaye anaonekana kama amekuja kuomba chumvi.

Sasa tufanye hesabu. Siku mbili kwa wiki Mama hafungui meza yake sokoni. Siku hizo analipa bajaji kwenda na kurudi, ama anatembea kwa miguu katika matope ya mwezi wa tatu. Akifika kwa mgonjwa akakuta jiko halijawashwa tangu jana, hawezi kumwambia ameze dawa kwa tumbo tupu. Anatoa fedha yake, mtoto anatumwa unga. Nilimwomba tuhesabu pamoja wiki moja. Ukitoa yale mauzo aliyoyakosa, alikuwa ametoa mfukoni mwake karibu shilingi elfu tisa. Kwa mtu mwenye mshahara huo ni mlo mmoja hotelini. Kwa mwenye meza ya karoti ni faida ya siku kadhaa.

Kwa miaka mingi mradi mmoja ulikuwa ukimpa posho ndogo ya mwezi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, posho ile ilikatika bila hata barua. Katika kikundi chao walikuwa saba. Watatu waliacha, na mimi siwalaumu hata kidogo. Wanne wameendelea, na tangu hapo nimesikia viongozi na wahubiri wakiwasifu kwa moyo wao wa uzalendo, wakapigiwa makofi, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Waswahili wana neno: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kutoka mbali unauona mwepesi.

Wapo watakaosema kwamba ukimpa mtu fedha, kujitolea kumekwisha, imekuwa ajira. Nadhani hapa tunachanganya mambo mawili. Nauli si mshahara. Sabuni si mshahara. Viatu vya mvua si mshahara. Tena wazee wetu walilijua hili kuliko sisi. Kule Iringa, Mhehe aliyeita mgowe ili majirani wamlimie shamba lake hakuwaachia kazi na shukrani peke yake. Pombe ilikuwa imepikwa na chakula kipo. Mwenye shamba aliyewaita watu halafu akawaacha warudi na njaa, msimu uliofuata alilima peke yake.

Hata katika zile kampeni kubwa za taifa mzigo uligawanywa. Mwaka 1973, redio hii hii unayoisikiliza ndiyo iliyokuwa mwalimu wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi karibu 75,000, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nani alichimba? Kila mmoja kwake. Hatukumchagua mama mmoja katika kila kijiji tukamwambia, wewe una moyo, chimba vyote.

Nizungumzie pia vilabu vya huduma, maana mjini vipo na baadhi yenu wasikilizaji huenda ni wanachama. Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905, na Lions ikaanzia mji ule ule mwaka 1917. Mwanachama wa vilabu hivyo hulipa ada, huchangishwa, na hulijua jambo hilo siku anapoingia. Sina ugomvi nao. Rotary imeibeba vita dhidi ya polio tangu mwaka 1985, na sisi wa Uyole tuliiona faida yake mlangoni kwetu. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Lakini Februari 2022 Malawi ikatangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa virusi hivyo. Barabara ya kutoka Malawi inaishia wapi? Inaishia hapa njia panda. Machi 2022 chanjo ya matone ikatolewa nyumba kwa nyumba katika mikoa minne inayopakana na nchi hiyo: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma.

Chanjo ilinunuliwa kwa fedha za walimwengu, nao wanastahili shukrani. Ila mlango wa nyumba ya udongo kule mwisho wa mtaa uligongwa na mtu anayemjua mtoto wa nyumba ile kwa jina, anayejua kwamba mchana yuko kwa bibi yake. Ujuzi huo hauuzwi dukani. Mwanachama wa klabu analipa ili ajitolee. Mama naye analipa ili ajitolee. Tofauti ni kwamba wa kwanza anapewa risiti na beji.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa lengo la kuwafikia 137,294 nchini kote, watu waliopewa mafunzo na wanaotambulika. Ni hatua nzuri na iliyochelewa. Mama hatakuwa mmoja wao, kwa umri wake. Lakini yule kijana atakayekuja na cheti atahitaji kuonyeshwa milango, na mwenye kuijua milango ni Mama.

Basi ndugu msikilizaji, kama unauliza ufanye nini, sikutumi mbali. Uliza kwa mtendaji wa mtaa wako au kwenye zahanati ni akina nani wanaotembelea wagonjwa. Majina yao yanajulikana. Kikundi chenu cha kufa na kuzikana kina mfuko; ongezeni mchango mdogo wa nauli kwa walio hai. Wewe mwenye duka, sabuni na unga vipo kwako. Ninyi vijana wa chuo cha kilimo hapo Uyole, mgonjwa asiye na nguvu ya kushika jembe ana kiwanja nyuma ya nyumba, na Jumamosi moja ya vijana watano inatosha kumpandia matuta ya mboga.

Na asiye na muda wala fedha anayo damu. Malori yanayoshuka katika milima yetu hii yanapokosa breki, hospitali huhitaji damu saa ile ile. Kama una umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na ni mzima wa afya, unaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kituo cha damu salama cha kanda yetu kipo hapa hapa Mbeya.

Pale sokoni Uyole jambo hili limeanza bila mkutano wala risala. Wanawake watatu wenye meza jirani wamekubaliana kumshikia Mama meza yake siku za Jumanne na Alhamisi, ili viazi viuzike wakati yeye yuko kwa wagonjwa. Jioni wanamkabidhi fedha yake imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Nilimwuliza Mama anauonaje mpango huo. Akasema ni mzuri, ila wenzake wanauza bei ya kutupa, na sado wanaijaza mno.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.