Ruzuku na Vikundi Vyetu vya Kujitolea

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wajumbe wa Mkutano Mkuu katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



 Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya mazao, bei na maghala. Mimi nimetakiwa nizungumze juu ya jambo lisilopimwa katika mizani ya zao lolote, lakini ambalo huletwa mara kwa mara katika ofisi zetu. Watu huja wakauliza: kikundi cha kijijini, kisichofanya biashara, kitapata wapi ruzuku ya kuendeshea kazi yake?

Vikundi hivi mnavijua. Ni akina mama wanaolea yatima, ni kamati ya maji ya kitongoji, ni vijana waliopanda miti kwenye chanzo cha mto. Walio wengi humo ni wanachama wetu hawa hawa, au ni jamaa zao. Wala shughuli hii si ya kando kwa ushirika. Mwaka 1995, huko Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Ushirika uliweka misingi saba ya ushirika, na msingi wa saba ni kuijali jamii inayotuzunguka. Basi anayeuliza juu ya ruzuku amebisha mlango unaompasa.

Neno langu kwenu ni moja. Ruzuku haianzishi kikundi. Ruzuku humkuta mwenye mzigo njiani, tayari anakwenda, ikamsaidia kuubeba. Kikundi kilichokaa barazani kikingoja fedha ndipo kianze kazi, aghalabu hakipati fedha. Na kikipata, fedha hizo hazikai.

Yatupasa kwanza tujue ruzuku ni nini. Ruzuku ni fedha au vifaa vinavyotolewa kwa kazi iliyotajwa, ambavyo havirudishwi iwapo kazi hiyo imefanyika kama ilivyokubaliwa. Mkopo ni jambo jingine. Nasema hivi kwa sababu wengi huchanganya. Kwa mfano, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarudishwa mwaka 2024. Fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo, na mkopo ni deni. Zinakifaa kikundi cha kufuga kuku au kushona nguo, maana kazi yao huleta senti za kulipia. Hazikifai kikundi kinacholea yatima, kwa kuwa yatima hauzwi sokoni. Kikundi cha namna hiyo ndicho cha kutafutiwa ruzuku.

Je, watoaji ni akina nani? Nitawataja wachache ili mwone jinsi wanavyotofautiana. Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada midogo kwa jamii, ulioanzishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 1989. Kwa miaka mingi kiwango chake cha kawaida hakikuzidi yeni milioni 10 kwa mradi mmoja. Mpango huo hupenda majengo na vifaa, kama madarasa, visima na vyumba vya zahanati; haupendi kulipa mishahara. Uko pia Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 1992 na kuendeshwa na shirika la UNDP. Huo kwa miaka mingi ulizoea kutoa hadi dola 50,000 kwa kazi za kutunza misitu, maji na ardhi, na maombi huamuliwa na kamati ya humu nchini, ambayo wajumbe wake walio wengi si watumishi wa serikali. Na humu humu nchini iko Foundation for Civil Society, iliyoko Dar es Salaam, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 2000 imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia.

Kwa mifano hiyo mwaona kwamba kila mtoaji ana shabaha yake. Mwenye kutaka kupanda miti asimwandikie mwenye kujenga madarasa. Barua moja iliyonakiliwa mara ishirini na kutumwa kwa watoaji ishirini hurudi mikono mitupu mara ishirini. Ni afadhali kuandika barua mbili, kila moja ikiwa imeandikwa baada ya kusoma masharti ya anayeandikiwa.

Sasa nieleze jinsi mtoaji anavyoyasoma maombi. Tuseme wako akina mama 24 wanaotaka kujenga tangi la maji ya mvua katika zahanati ya kijiji, maana wazazi wanaojifungua hapo hulazimika kuchotewa maji mtoni. Wakiandika, "Sisi ni maskini, tunaomba msaada wa maji," hawakusema uongo, lakini hawakumwambia msomaji kitu cha kumfanya atoe fedha. Umaskini uko kila mahali; anachotafuta yeye ni kazi itakayokamilika.

Lakini wakiandika hivi, mambo hubadilika: tangi zima, pamoja na mabati ya kukingia maji na ufundi, litagharimu shilingi 9,600,000. Mchanga, mawe na kazi ya mikono tumekwisha kutoa kwa msaragambo, na thamani yake ni shilingi 2,700,000. Katika akiba yetu tunazo shilingi 900,000. Kilichopungua ni shilingi 6,000,000, nacho ndicho tunachoomba. Tangi likisha kujengwa, kila mmoja wetu atatoa shilingi 500 kila mwezi, yaani shilingi 144,000 kwa mwaka kwa kikundi kizima, kwa ajili ya matengenezo. Mganga wa zahanati na serikali ya kijiji wamekubali kwa maandishi.

Mtoaji akisoma barua hiyo anaona mambo manne: haja iliyo wazi, hesabu inayojumlika, jasho la wenyewe, na uhai wa kazi baada ya yeye kuondoka. Bei nazo ziwe za kweli. Watoaji wengi hudai hati za bei kutoka kwa wauzaji watatu, na wanajua bei ya saruji kuliko tunavyodhani. Anayeongeza bei ili abakize chochote amejifungia mlango kwa mkono wake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye madaftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kinachotaka ruzuku hapana budi kiwe na katiba, kiwe kimeandikishwa mahali panapostahili, kiwe na akaunti ya benki kwa jina la kikundi, wala si kwa jina la mwenyekiti, na watia saini wasiopungua wawili. Kiwe na daftari la fedha linaloandikwa siku ile ile fedha inapoingia au kutoka, stakabadhi zilizohifadhiwa, na mihtasari ya mikutano. Mambo haya si ya kumpendeza mgeni tu. Ndiyo yanayomlinda mweka hazina mwaminifu siku anaposingiziwa, na ndiyo yanayomfichua asiye mwaminifu kabla hajamaliza sanduku.

Yako pia mambo mawili ya kuepuka, nami nitayasema bila kuficha. La kwanza ni watu wanaopita vijijini wakijiita wataalamu wa kuandika maombi, ambao hutaka walipwe fungu la fedha zitakazopatikana. Kumlipa mtu aliyefanya kazi ya kuandika si kosa. Lakini fungu la ruzuku si mali ya kikundi kuligawa, maana kila shilingi imekwisha kutajiwa kazi yake. La pili ni kikundi kinachoundwa kwa ajili ya tangazo. Mtoaji anatangaza fedha za nyuki, na kesho yake vikundi vya nyuki vinazaliwa, ilhali hakuna hata mmoja ndani yake aliyewahi kukaribia mzinga. Ruzuku ikiisha, kikundi nacho kimekufa, na mwaka ufuatao mtoaji hataki tena kusikia jina la tarafa hiyo. Wanaoumia ni wafugaji wa nyuki wa kweli.

Bwana Mwenyekiti, nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu ya neno. Shirika la Marekani la USAID liliundwa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Watu walilizoea kama wanavyozoea mvua za masika. Lakini mwezi Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo lilifungwa, na shughuli zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kazi ya zaidi ya miaka sitini ilikoma katika muda usiofika msimu mmoja wa kilimo. Asasi nyingi za Afrika zilizokuwa zikitegemea mfuko huo zilifunga milango, si kwa kukosa uaminifu, bali kwa kuwa zilikuwa na nguzo moja tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kuyajenga maendeleo yetu juu ya zawadi na mikopo ya wengine. Onyo hilo halijachakaa. Wala simwambii mtu akatae ruzuku. Namwambia asiifanye kuwa mguu wa kusimamia.

Sisi wana ushirika tunao mfano wa njia nyingine. Wakulima wa kahawa wanaouza kwa mpango wa Fairtrade hupata, juu ya bei, nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, na katika hizo senti 5 hutengwa kwa kuongeza mavuno na ubora. Matumizi ya nyongeza hiyo huamuliwa na wanachama wenyewe mkutanoni. Huko Bukoba, Chama Kikuu cha Kagera kilitumia fedha za namna hiyo kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha Tanica. Tofauti yake na ruzuku ni kwamba fedha hiyo imetoka katika jasho la mkulima, na mkulima ndiye aliyeinua mkono kuipangia kazi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya Mkutano Mkuu. Kwanza, karani wa hesabu wa Chama Kikuu atengewe siku moja kila mwezi ya kupitia madaftari ya vikundi vya vijijini bila malipo. Pili, ofisi iweke jalada la masharti ya watoaji, ambalo mwanachama yeyote aweza kulisoma, na barua ya kukitambulisha kikundi isitozwe hata senti. Tatu, iwapo Mkutano utaridhia, sehemu ndogo ya ziada ya kila mwaka itengwe iwe mfuko wa kuvishika mkono vikundi vilivyokwisha kuchanga vyenyewe, shilingi kwa shilingi. Fedha ya mazao ya mkulima isiguswe kwa jambo hili. Nasema ziada, na nasema kwa kura.

Najua wako watakaoniuliza: ziada yetu ni ndogo, itamfaa nani? Nami nitawajibu kwamba kikundi chenye shilingi 900,000 zilizotoka mifukoni mwake, na nyingine kama hizo kutoka kwa ushirika wake, hakiendi kwa mtoaji kama mwombaji. Kinakwenda kama mshirika anayetafuta mwenzake. Na mwenzake akikataa, au akifunga ofisi yake kama tulivyoona, tangi huenda likawa dogo kuliko lilivyokusudiwa, lakini litajengwa, na mzazi wa zahanati ile atapata maji.