Jina la Fundi Chini ya Kazi Yake
Hotuba juu ya mafundi wa sanaa, wa kale na wa siku hizi



Mji wa Machakos ulipata jina lake kwa mzee Masaku, mtu mashuhuri wa Ukambani wa zamani. Ndimi za wageni zililigeuza jina hilo kidogo, lakini halikupotea. Kila autajaye mji humtaja na mzee huyo, ajue asijue. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Machakos, upande wa mashariki, kuna mahali paitwapo Wamunyu. Kwa muda wa miaka mia moja na zaidi watu wa huko wamechonga vinyago vilivyofika katika nyumba za watu wa mabara yote. Katika wachongaji hao wengi, wale ambao wanunuzi huwajua kwa majina wahesabika kwa vidole.

Hotuba hii ni juu ya mafundi wapendwao na watu, wa kale na wa siku hizi, katika kazi nne: uchongaji, muziki, uchoraji na ujenzi. Nayo ina swali moja tu. Kwa nini fundi mmoja hukumbukwa kwa jina, na mwenzake hupotea ijapokuwa kazi yake yadumu? Swali hili si la kupitisha wakati. Kwa mtu wa Wamunyu ni swali la chakula na la heshima.

Wakamba walikuwa mafundi tangu zamani. Walichonga vigoda vya wazee vyenye miguu mitatu, na kuvitia nakshi ya nyuzi nyembamba za shaba. Walichonga fimbo, vijiko na vichupa vya ugoro. Kazi hizo zilikuwa za kutumiwa nyumbani, wala hazikuwa bidhaa za kuuzia wageni. Biashara ya vinyago ilianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alikuwa miongoni mwa watu wengi waliopelekwa pamoja na majeshi ya Kiingereza katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Huko aliona jinsi wenyeji walivyochonga mpingo. Aliporudi kwao alianza kuchonga sanamu za watu na za wanyama, akaziuza. Ujuzi huo ulikaa kwanza katika jamaa yake, kisha ukaenea kwa majirani, na mwisho ukaenea katika vijiji vingi. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliohamia pwani waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa, na Wamunyu nako kukawa na chama chake.

Hapana shaka Mutisya Munge alikuwa fundi mwanzilishi, kama wale ambao majina yao yaandikwa katika vitabu vya Ulaya. Lakini baada yake hali ikawa nyingine. Kazi iligawanywa. Mmoja hukata gogo kwa shoka, mwingine huchonga umbo kwa tezo, mwingine hukata macho na masikio kwa kisu, mwingine hupiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka kinyago king'ae. Kisha mchuuzi hukinunua, humwuzia mwenye duka, na mwenye duka humwuzia mtalii. Kinyago kifikapo mezani pa mwenyewe, kimepita mikono sita au saba, wala hapana hata jina moja lililosafiri nacho. Mtalii ajua tu kwamba amenunua twiga.

Tazameni sasa jambo lililotokea Italia zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Kijana aitwaye Michelangelo, aliyezaliwa 1475, alipewa kazi ya kuchonga kwa marumaru sanamu ya Mariamu akimpakata Yesu aliyekufa. Alipoimaliza, ikawekwa kanisani huko Roma. Husimuliwa kwamba siku moja aliwasikia wageni wakiisifu, na mmoja wao akasema kwamba aliyeichonga ni fundi wa mji wao, akamtaja mtu mwingine. Michelangelo hakujibu neno. Usiku alirudi na taa na patasi, akakata jina lake katika mshipi wa vazi la Mariamu. Hadithi hiyo ya usiku huenda iliongezwa chumvi na wasimulizi, lakini jina liko pale hata leo, na sanamu hiyo ndiyo pekee aliyoitia jina katika maisha yake yote. Baada ya hapo hakuhitaji kutia jina tena, maana watu walikwisha kuujua mkono wake.

Hata Afrika ya Mashariki wapo wachongaji waliojulikana. Huko Dar es Salaam katika miaka ya 1950, Mmakonde mmoja aitwaye Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani yenye viungo vilivyopinda, mfano ambao haukuwahi kuonekana kabla yake. Wengine waliufuata, lakini hata leo wajuao mambo hayo husema kwamba mwanzo wake ni Samaki. Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa 1922, alisoma Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell. Yeye ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, ya mama amwinuaye mtoto wake juu. Mafundi hawa wawili hawakuwashinda watu wa Wamunyu kwa wepesi wa mikono. Waliwapita kwa jambo moja: kila mmoja alichonga kitu ambacho hakikuwapo, na jina lake likafuatana nacho.

Sasa natugeukie muziki, na njia ya kufikia huko ni mpingo wenyewe. Mti huo ambao Mkamba huuchongea faru, fundi wa Ulaya huutengenezea klarineti, ambayo ni jamaa ya zumari. Ugumu wake na uzito wake huifanya sauti kuwa safi. Mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufa kwake, Mozart alitunga muziki mkubwa kwa ajili ya ala hiyo. Siku zile klarineti zilifanywa kwa miti ya huko huko Ulaya, lakini leo wengi wanaoupiga muziki huo hushika mikononi mpingo wa Afrika ya Mashariki. Jina la Mozart lajulikana pote. Tena hata jina la mpigaji aliyetungiwa, Anton Stadler, liliandikwa, likabaki. Mti ni mmoja. Lakini huko walihifadhi hata jina la aliyepuliza, na huku jina la aliyechonga halikuandikwa.

Wala mtu asidhani kwamba jina hujihifadhi lenyewe. Johann Sebastian Bach wa Ujerumani alipokufa mwaka 1750, wengi walimkumbuka kama mpiga kinanda hodari tu, na nyimbo zake kubwa za kanisani zikanyamaza makabatini. Karibu miaka themanini ilipita. Mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn alisimamisha waimbaji huko Berlin, akawaimbisha watu kazi mojawapo kubwa ya Bach juu ya mateso ya Yesu, na tangu siku hiyo Bach akarudi duniani. Alirudi kwa sababu mbili: kazi ilikuwa imeandikwa, na alipatikana mtu wa kuisimulia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa katika umaskini huko Fumba, akawa mwimbaji wa taarabu aliyesifiwa pwani nzima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na jina lake likachapwa juu ya sahani hizo. Alipokufa mwaka 1950, Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Sahani na kitabu vilifanya kazi ile ile ambayo patasi ilifanya katika mshipi wa Mariamu. Na karibu na Machakos, chini ya mlima Kilimambogo, alitokea Kakai Kilonzo, aliyezaliwa 1954 na kufa 1987. Yeye na kikundi chake cha Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na gitaa lao likasikika mbali kupita mipaka ya Ukambani. Mkamba wa kawaida aweza kumtaja Kakai bila ya kufikiri. Mwambieni amtaje mchongaji mmoja wa Wamunyu, aone kazi.

Katika uchoraji jambo hili lina upande mwingine, nao ni upande wa mwanafunzi. Rembrandt wa Uholanzi, aliyeishi 1606 hadi 1669, alikuwa na karakana yenye wanafunzi wengi, nao walijifunza kuchora kama yeye hasa. Kwa muda mrefu picha zao nyingi zilihesabiwa kuwa zake. Mwaka 1968 wataalamu wa Kiholanzi walianza kuzichunguza moja moja, na picha kadha wa kadha zikaondolewa katika hesabu yake. Mwanafunzi aliyeigiza vizuri mno alijizika mwenyewe chini ya jina la mwalimu wake.

Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, aliijua hatari hiyo. Mwaka 1959 alichora katika kuta za kanisa la Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, picha kubwa tano za maisha ya Yesu, na nchi ionekanayo ndani yake ni nchi ya Kikuyu, milima yake na watu wake. Baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi. Aliwaonya vijana sana juu ya kuigiza kazi za wenzao. Onyo hilo lafaa Wamunyu kuliko mahali po pote, maana huko kinyago kimoja kikipata wanunuzi mwaka huu, mwakani mia huchonga kile kile.

Imebaki kazi ya ujenzi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji. Msikiti mkubwa wa huko ulikuwa umeongezwa kwa kuba na nguzo za mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ambayo hata leo huwashangaza wajenzi. Jina la Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, lajulikana, na fedha zake zenye jina lake zimeokotwa. Majina ya waashi hayakubaki. Kinyume chake, mji wa London ulipoungua mwaka 1666, Christopher Wren alipewa kazi ya kulijenga upya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kazi ilianza 1675 ikaisha mwaka 1710. Alipokufa mwaka 1723 alizikwa humo humo, na maandishi yaliyopo humwambia apitaye kwamba akitaka kuona ukumbusho wa mtu huyo, azungushe macho yake.

Nairobi nayo ina jengo la namna hiyo, yaani jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, lililomalizika 1973. Waliolichora ni Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso, Mkenya. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina picha ya jumba hilo, hata mchuuzi wa maembe sokoni Machakos hulichukua mfukoni. Lakini ni wachuuzi wangapi, na walimu wangapi, wawezao kumtaja Mutiso?

Basi, kuna hasara gani fundi asipojulikana? Hasara ya kwanza ni bei. Kinyago kisicho na jina huuzwa kwa kipimo cha urefu wake, kama ubao. Fundi aliyekesha juu ya shingo ya swala apate kufanana na swala hulipwa sawa na yule aliyeharakisha. Baada ya muda na yeye huharakisha. Hasara ya pili ni miti. Kwa kuwa kinyago kimoja huleta fedha kidogo, yabidi kuchongwa vingi. Na mpingo na muhugu hukua polepole mno kuweza kuilisha kazi ya namna hiyo. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 wachongaji walianza kuhimizwa watumie mwarobaini na mwembe, miti ikuayo upesi. Shauri hilo ni jema, lakini fundi mwenye jina huuhifadhi msitu kwa njia nyingine, maana gogo moja humpatia riziki ambayo wenzake huitafuta kwa magogo kumi.

Dawa yake si ngumu. Mchongaji na akate jina lake na mwaka chini ya kinyago. Kazi hiyo haimpotezei hata robo saa. Vyama vya ushirika na viandike daftari la mafundi, nani alichonga nini, ili mnunuzi arudipo ajue pa kuuliza. Mwalimu afundishaye watoto habari za Michelangelo na Bach asiache kuwafundisha habari za Mutisya Munge, maana wa mbali na wa karibu walifanya kazi moja. Na mwenye kununua, akiisha kupatana bei, aulize neno moja zaidi: aliyekichonga ni nani?

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mzee Masaku alipata mji mzima wa kulichukua jina lake. Mchongaji wa Wamunyu hadai mji; nafasi ya upana wa kidole, chini ya mguu wa twiga, yamtosha.