Rangi ya Jiwe Hudanganya



Sisi ni watoto wenu wa Taita tuliosomea miamba chuo kikuu. Mwaka wa kwanza mwalimu alitupangia mawe mezani, nasi tukakimbilia rangi. Karibu sote tulianguka. Jiwe la kijani laweza kuwa floraiti, au kipande cha chupa, au tsavoraiti, kito kinachochimbwa hapa kwetu.

Ndipo tukafundishwa kukwaruza. Kipimo cha Mohs, cha tangu 1812, huanzia 1 hadi 10. Ukucha ni kama 2.5, kisu kama 5.5. Floraiti ni 4, kwa hivyo kisu huikwaruza. Tsavoraiti ni 7 au zaidi, kisu hakiiwezi. Lakini angalieni: hata kwatsi ni 7. Kipimo hiki hukataa jiwe laini tu, hakithibitishi kito. Na mjaribu pembeni, msije mkaharibu mali.

Tulikua tukiona wazazi wetu wakiuza mawe bila kupima, bei akiitaja mnunuzi peke yake. Sasa kikundi kipime, kiandike uzito wa kila jiwe kabla mnunuzi hajafika. Hapo mtakuwa na la kusema.